Skyrim Imezeeka, Lakini Bado Ni Noma? Soma Hii Kabla Uchome Bando, Msee wa Garissa

Saa nane mchana, Garissa. Jua limekaanga mabati, feni inasukuma hewa moto kutoka kona moja hadi ingine, na hata mbuzi wa jirani wamejibanza chini ya mwarobaini. Wewe uko ndani, pazia imefungwa, laptopu iko juu ya meza. Kwa skrini theluji inaanguka mpaka mhusika wako anatoa moshi mdomoni. Nje ni digrii 37, ndani ya geimu baridi inaua. Karibu Skyrim, walaal.

Swali ambalo wasee wanauliza kila siku ni hili: geimu ya 2011, iliyotoka wakati wengine wenu mlikuwa mnavaa kaptula za nursery, bado inafaa? Ama ni wazee wa geimu tu wanajikumbusha ujana wao?

Tukupe jibu mapema ndio usisome ukiwa na presha. Ndio, bado inafaa, na kwa mtu anayekaa Garissa, Wajir ama Mandera inafaa kuliko kwa msee wa Kilimani mwenye wifi ya nguvu. Lakini si ya kila mtu, na kuna vitu zimezeeka vibaya. Tutakuambia zote, halafu uamue mwenyewe na doo zako.

Kwanza, Skyrim ni nini hasa?

Jina lake kamili ni The Elder Scrolls V: Skyrim. Ilitengenezwa na Bethesda Game Studios ya Marekani chini ya Todd Howard, na ilitoka tarehe 11 mwezi wa 11 mwaka wa 2011. Ni ya tano katika familia iliyoanza na Arena mwaka wa 1994, ikafuata Daggerfall ya 1996, Morrowind ya 2002 na Oblivion ya 2006. Usiogope, si lazima uwe umecheza hizo zingine. Ni kama kuingia matatu njiani: ukishakaa utajua inaenda wapi.

Unaanza ukiwa mfungwa kwa mkokoteni, mikono imefungwa, unapelekwa kukatwa kichwa. Kabla shoka lishuke, joka linatua na kuchoma kijiji chote. Unatoroka. Kutoka hapo, hakuna mtu anakushika mkono. Milima ile unayoona mbali, unaweza kuipanda. Mlango ule, unaweza kuufungua. Unaweza kufuata hadithi kuu ya majoka, unaweza kujiunga na jeshi, unaweza kuwa mwizi, mchawi, fundi wa chuma, ama ukanunua nyumba na kusahau kabisa kwamba dunia inaisha.

Hadithi kuu peke yake ni kama saa 30 hivi. Ukianza kuingia kila pango na kusaidia kila mzee mwenye shida, saa 100 zinapita kama hujagusa kitu. Matoleo matatu ya nyongeza, Dawnguard, Hearthfire na Dragonborn, yalikuja baadaye, na siku hizi yanakuja pamoja na geimu yenyewe.

Watu bado wanainunua. Mwaka wa 2023 Todd Howard alisema imeuza zaidi ya nakala milioni 60. Ile inayofuata, The Elder Scrolls VI, ilitangazwa Juni 2018, na hadi tunaandika hii haijatoka. Kwa hivyo ukisubiri mpya, utasubiri kama barabara iliyoahidiwa na mheshimiwa.

Sababu kubwa kwa mtu wa huku: haitaki intaneti

Hapa ndipo wasee wa Nairobi wanaoandika kuhusu geimu hawakuelewi. Wao swali lao ni grafiksi. Swali lako wewe ni: mtandao ukienda, nitacheza nini?

Na mtandao huenda. Ukikaa Mandera ama vijiji vya mpakani, unajua milingoti ya simu imewahi kulipuliwa na mashambulizi ya Al-Shabaab, na eneo zima likakaa siku nyingi bila kupiga simu, sembuse kucheza geimu. Ukikaa Garissa mjini, unakumbuka mvua ya El Niño mwisho wa 2023, Tana ikafurika, barabara ya Madogo ikakatika, na mji ukawa kama kisiwa.

Geimu nyingi za siku hizi, mtandao ukipotea, zinageuka picha tu. Skyrim haina shida hiyo. Ukishaidaunlodi mara moja, kazi imeisha. Hakuna seva ya kuwasiliana nayo, hakuna apdeti inayokulazimisha saa sita usiku, hakuna mtoto wa Ulaya anayekutukana kwa maikrofoni. Ni wewe, laptopu, na majoka.

Halafu angalia uzito. Skyrim Special Edition inataka nafasi ya GB 12. Elden Ring inataka GB 60. Oblivion Remastered iliyotoka Aprili 2025 inataka kama GB 125. Baldur's Gate 3 ni GB 150. Sasa wewe fanya hesabu na bando lako. GB 12 unaweza kuzivuta usiku mmoja ama mbili kwa wifi ya chuo au ya beshte. GB 150 utazivuta mpaka Idd ifike.

Stima nayo? Garissa tuko na kiwanda kikubwa cha sola, MW 50, kilichofunguliwa Disemba 2019, lakini wewe bado unajua giza ni nini. Wajir na Mandera wamezoea umeme wa jenereta za dizeli usioungana na laini ya taifa. Laptopu ya kawaida ikicheza Skyrim inakula kama wati 60 hadi 90. Hiyo ni saa kumi na zaidi kabla umalize uniti moja ya tokeni. Kompyuta kubwa ya geimu inaweza kula mara nne ya hiyo. Kwa nyumba ambayo hooyo ndiye ananunua tokeni, hii si hesabu ndogo. Na laptopu ina betri: stima ikipotea, angalau unapata muda wa kusevu.

Mashine yako itabeba?

Hapa lazima ujue kuna Skyrim mbili, na watu wengi wanachanganya.

Ya kwanza ni ile ya 2011. Hii inataka vitu kidogo sana: prosesa ya kori mbili, RAM ya GB 2, nafasi ya GB 6 na kadi ya grafiksi ya MB 512. Laptopu ya mtumba kutoka ng'ambo, zile zenye Intel HD 4000 kwenda juu, inaweza kuisukuma ukishusha grafiksi chini kabisa. Haitakuwa maridadi, lakini itatembea. Shida ni kwamba siku hizi Steam imeificha, kwa hivyo utaipata zaidi kwa diski za zamani ama kwa akaunti ya mtu aliyeinunua kitambo.

Ya pili ni Special Edition iliyotoka Oktoba 2016. Ni ya biti 64, haianguki ovyo kama ile ya kwanza, na ndiyo watengenezaji wa modi wanaifanyia kazi. Rasmi inataka Core i5 ya kitambo, RAM ya GB 8 na kadi ya grafiksi kama GTX 470. Bila kadi ya grafiksi, laptopu zenye Intel HD 620 zinaweza kuijaribu ukiweka skrini kwa 720p na kila kitu chini. Kukiwa na kadi yoyote ya miaka kumi iliyopita, uko sawa.

Anniversary Edition ya Novemba 2021 ni Special Edition hiyo hiyo ikiwa imeongezewa silaha, nyumba na misheni nyingi. Si lazima. Ukiwa na Special Edition, tayari ulipewa bure vitu vinne, ikiwemo kuvua samaki na hali ya kustahimili, ambapo lazima ule, ulale na ujikinge baridi. Hiyo ya mwisho ijaribu mchana wa Machi ukiwa Garissa. Utacheka peke yako.

Kama unatumia konsoli, shika hii. Toleo la PS3 lilijulikana kwa kukwama kadiri faili ya sevu inavyonenepa. Ukicheza saa hamsini linaanza kuvuta miguu kama punda aliyechoka. Ya Xbox 360 ilikuwa bora. Ya PS4 na Xbox One ni Special Edition, ziko fiti, ila Xbox inakubali modi nyingi zaidi kuliko PlayStation.

Simu je? Hakuna Skyrim rasmi ya simu. Apu yoyote inayojiita Skyrim ya Android unayotumiwa kwa WhatsApp ni mtego. Inakula data yako, na pengine inakula na M-Pesa.

Joto ndilo adui wako mkubwa

Hii hutaiona kwa orodha za Ulaya. Laptopu ikicheza geimu inatoa joto, na chumba chako tayari kina joto. Ikizidi, prosesa inajipunguza kasi yenyewe na geimu inaanza kukatakata. Fanya hivi: inua laptopu kwa vitabu viwili pande zote ndio hewa ipite chini, usiiweke kwa godoro, piga vumbi feni yake kila baada ya miezi michache, na ucheze usiku. Funga geimu isipite fremu 60 kwa sekunde. Hii ya mwisho ina faida mbili: inapunguza joto, na inazuia kituko cha Skyrim ambapo fremu zikizidi 60 masahani na vikombe vinaanza kuruka juu ya meza vyenyewe. Si jini. Ni hesabu za geimu zimechanganyikiwa.

Doo ngapi, na unaipata wapi?

Kwa Steam, Special Edition inauzwa dola 39.99. Usinunue kwa bei hiyo. Mara kadhaa kwa mwaka inashuka robo tatu, inakuwa kama dola 10, yaani ngiri moja na soo kadhaa. Subiri seli. Geimu imengoja tangu 2011, haiendi mahali.

Kulipa si shida tena. Tangu Juni 2022 M-Pesa iko na GlobalPay, kadi ya Visa ya ndani ya simu. Unaweka pesa, unapata namba, unalipa.

Lakini kwa msee wa huku, angalia pia GOG. Skyrim iliingia huko Septemba 2022. Tofauti ni kubwa: GOG inakupa faili ya kusakinisha ambayo ni yako. Unaiweka kwa hadi diski, na hata miaka mitano baadaye, bila intaneti kabisa, unaisakinisha tena. Steam inataka uingie mtandaoni mwanzo, halafu ndio inakuruhusu kucheza nje ya mtandao. Kwa mtu anayekaa mahali mtandao unaweza kupotea wiki, hilo si jambo dogo.

Na ile ya flashi kutoka kwa cyber? Tunajua. Kila mtaa una msee mwenye hadi diski ya geimu mia mbili. Hatutakuhubiria. Tunakuambia tu kwamba faili hizo mara nyingi zinakuja na virusi, na laptopu hiyo hiyo ndiyo ina noti zako za chuo na fomu za HELB. Ngiri moja ya seli ni rahisi kuliko kufuta mashine yote wiki ya mitihani.

Kile kimezeeka vibaya

Tusidanganyane. Ukitoka Elden Ring ama Witcher 3, kupigana kwa Skyrim kutakuudhi. Unapunga panga kama unafukuza nzi, adui anasimama hapo anapokea. Ndiyo maana kila mtu, hata akianza akiwa mchawi, anamaliza akiwa mpiga mishale anayechuchumaa gizani. Ni utani wa dunia nzima na ni kweli tupu.

Nyuso za watu ni ngumu kama mbao. Sauti zinajirudia: mzee wa kijiji hiki na muuza duka wa kijiji kile ni mtu mmoja amebadilisha kofia. Walinzi nao wana ile hadithi yao ya mshale gotini, na utaisikia mpaka uombe joka liwamalize. Mapango mengi yanafanana, na misheni nyingi ni nenda, ua, rudi.

Hitilafu nazo ni nyingi. Mhusika wa misheni anaweza kuzama ardhini. Farasi anaweza kupanda mlima kama mjusi. Dawa ni mbili: sevu mara nyingi kwa faili tofauti, si moja tu, na weka ile modi inayoitwa Unofficial Skyrim Special Edition Patch. Ni bure, imetengenezwa na mashabiki, na inaziba mamia ya mashimo.

Tena, ni geimu ya mtu mmoja. Huku kwetu geimu ni mbogi: PS ya mtaa, viti vya plastiki, eFootball, mshindi anakaa. Skyrim haina hiyo. Mkiwa mabinamu wanne na laptopu moja, kila mtu awe na mhusika wake na faili zake, na mkubaliane kwa kiapo kwamba hakuna mtu anafuta ya mwingine. Udugu umewahi kuyumba kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Mahali ambapo Skyrim itakugusa bila kutarajia

Sasa ile sehemu hasa imetufanya tuandike hii.

Utakapofika mji wa kwanza mkubwa, Whiterun, utaona mahema nje ya lango. Hao ni Khajiit, wafanyabiashara wa misafara kutoka nchi ya mbali, watu wenye sura ya paka. Wana bidhaa nzuri kuliko maduka ya ndani. Lakini hawaruhusiwi kuingia mjini. Ukiwauliza kwa nini, jibu ni kwamba wenyeji wanasema wao ni wezi na wasafirishaji wa magendo. Wote. Bila kesi. Wanafanya biashara kwa vumbi, wanakunja hema, wanaenda mji mwingine, na huko pia wanabaki langoni.

Mchezaji wa Ohio anapita hapo, ananunua dawa, anaendelea. Wewe ambaye umeshushwa kwa basi kwa roadbloku, mkaambiwa mpange laini, kitambulisho mkononi, huku magari mengine yakipita, utasimama kidogo.

Halafu uende Windhelm, mji wa kaskazini. Ukiingia tu langoni, wanaume wawili wanamzomea mwanamke wa Dark Elf, wanamwita jasusi. Watu wake ni wakimbizi. Mlima wa moto ulilipuka nchini kwao karibu miaka mia mbili nyuma, wakakimbilia hapa, na mpaka leo wanaishi mtaa mmoja mchafu unaoitwa Gray Quarter. Wajukuu waliozaliwa hapo bado wanaitwa wageni. Argonian, watu wa sura ya mjusi, wamenyimwa hata huo mtaa. Wanalala bandarini nje ya ukuta.

Bethesda hawakuandika kuhusu sisi. Lakini Garissa County ndiyo ina Dadaab, iliyoanza 1991, na huko Ifo, Hagadera na Dagahaley kuna watu waliozaliwa kambini ambao sasa wenyewe ni wazazi. Na kabla ya hapo, eneo letu zima liliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari kuanzia miaka ya vita vya Shifta mpaka mwanzo wa miaka ya 90. Mwaka wa 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walipigwa msasa na kupewa kadi tofauti. Ni Februari 2025 tu ndipo Rais Ruto, akiwa Wajir, alitia saini tangazo la kuondoa ule msasa wa ziada wa vitambulisho kwa jamii za mpakani. Ukiyajua hayo, Gray Quarter si mapambo ya geimu.

Na ndiyo maana vita vya ndani ya Skyrim si rahisi kuchagua upande. Ulfric Stormcloak anapigania haki ya watu wake kuabudu wanavyotaka, na hapo ana hoja. Lakini Ulfric huyo ndiye mkubwa wa Windhelm, na Gray Quarter iko chini ya dirisha lake. Upande wa pili, Imperial Legion wanaleta utaratibu, lakini walitia saini mkataba uliouza uhuru wa wengine. Geimu haikuambii nani ni mzuri. Inakuachia.

Kuna jambo moja zaidi, na usiruhusu mtu akuharibie kwa maelezo mengi. Usipomaliza vita kabla ya kufika mbali na hadithi kuu, utalazimika kuketisha pande zote mezani juu ya mlima, kwa wazee, na kugawa miji mpaka wakubali kusimamisha mapigano. Ni misheni isiyo na panga. Wachezaji wengi huko nje wanasema inaboesha. Sisi tunasema iangalie vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 90 Wajir iliwaka kwa vita vya koo, na waliouzima hawakuwa na bunduki. Akina mama walianza sokoni, wakihakikisha mwanamke wa ukoo wowote anaweza kuuza na kununua. Baadaye wazee wakaketi, na mwaka wa 1993 ukapatikana mkataba wa Al-Fatah. Mmoja wa akina mama hao, Dekha Ibrahim Abdi, alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka wa 2007. Alifariki Julai 2011, miezi minne kabla ya Skyrim kutoka. Ukiwa mezani pale mlimani ukipima nani apewe nini, utaelewa kidogo kazi aliyofanya.

Mambo ya kujua kabla ya kumpa mtoto

Skyrim imewekewa alama ya miaka 18 Ulaya na 17 Marekani. Kuna damu, vichwa vinakatwa, pombe imejaa kila baa. Kuna miungu mingi na viumbe wa giza wanaoitwa Daedra, na baadhi ya misheni zao ni chafu kweli. Nyingi za hizo ni za hiari: ukiona sanamu inakuongelesha na roho yako haitaki, geuka uende zako, hadithi kuu haitakwama. Mdogo wako wa darasa la sita anaweza kungoja.

Na Ramadhani ikifika, ukweli ni kwamba geimu hii inameza usiku. Utasema unacheza nusu saa baada ya taraweeh, ukishtuka ni daku. Weka alamu.

Ukianza, anza hivi

Chagua Redguard kama hujui uchague nani. Ni watu wa jangwa la Hammerfell, wanastahimili sumu, wanapigana vizuri kwa panga. Utajisikia nyumbani.

Usikimbilie hadithi kuu. Ipeleke mpaka upate nguvu yako ya kwanza ya kupiga ukelele, halafu tembea ovyo saa kumi hivi. Huko ndiko utamu uko.

Usiweke modi kwa mara ya kwanza, isipokuwa ile ya kuziba hitilafu. Ukiweka modi hamsini siku ya kwanza, utatumia wiki ukitafuta gani imeangusha geimu.

Usiuze kila kitu, wala usibebe kila kitu. Masufuria acha.

Kama si Skyrim, basi nini?

Ukiwa na laptopu hafifu kabisa na mfuko mtupu, Daggerfall inatolewa bure na Bethesda tangu 2009, na mashabiki wameifufua kwa toleo liitwalo Daggerfall Unity. Ukipenda kusoma na hujali grafiksi, Morrowind ina hadithi nzito kuliko zote. Ukitaka hadithi iliyoandikwa vizuri na kupigana kunakoeleweka, na mashine yako ina kadi nzuri, Witcher 3 ya 2015 inaipiku Skyrim hapo, ila huko unacheza maisha ya Geralt, si yako.

Neno letu la mwisho

Usiinunue kama unataka geimu ya kupigana kwa kasi, kama unacheza na mbogi tu, ama kama mtihani ni wiki ijayo. Hao watatu, tuonane siku nyingine.

Lakini kama uko na laptopu ya mtumba, bando la kuhesabu, stima ya kubahatisha na jioni ndefu, hakuna geimu kubwa inayokupa saa nyingi hivi kwa pesa kidogo hivi. Isubiri kwa seli, ivute usiku mmoja, iweke kwa hadi diski. Siku mtandao utakapopotea tena, na utapotea, wengine watakuwa wakiinua simu juu kutafuta bar moja. Wewe utakuwa nje ya lango la Whiterun, ukinunua dawa kwa wale watu wa hema.

Wasalimie vizuri. Wametoka mbali.